Jinsi nilivyounganisha kompyuta mbili kwa faiba inayopitisha data upande mmoja tu

Nilihitaji kutoa kumbukumbu za mitambo kutoka mtandao wa ndani hadi kompyuta ya ofisini bila kuacha upenyo wa kurudi, kwa kuwa ulinzi wa programu, hata ukipangwa kwa uangalifu, unaweza kubadilishwa na mvamizi, ilhali uzi wa kurudi usiokuwepo haupitishi kitu. Nilichukua konveta mbili za Ethaneti za megabiti 100 kwa sekunde, yaani vifaa vinavyogeuza mawimbi ya umeme ya kebo ya mtandao kuwa mwanga wa faiba na kinyume chake, nikachomeka uzi mmoja tu wa faiba, kutoka tundu la kutuma la ile ya kwanza hadi tundu la kupokea la ile ya pili.

Taa ya muunganisho upande wa mtumaji haikuwaka. Nilipoteza siku mbili nikishuku kebo, ambayo ilikuwa nzima. Kumbe konveta isiyopokea mwanga huchukulia kwamba njia imekatika, nayo haitumi data. Dawa ilikuwa konveta ya tatu, iliyowekwa upande huohuo wa mtumaji bila kuunganishwa na kompyuta yoyote, ambayo kazi yake ni kumulika tundu la kupokea la konveta ya kwanza. Nililazimika pia kuzima, kwa swichi ndogo za ubavuni, kipengele cha kupitisha taarifa za hitilafu, ambacho hukata muunganisho upande mmoja wa konveta pale upande mwingine unapokatika.

Ikabaki ARP, utaratibu ambao kompyuta hutumia kutafuta anwani ya kifaa kingine mtandaoni: mtumaji huuliza anwani, na jibu haliwezi kurudi, hivyo niliandika mwenyewe anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao) ya mpokeaji. TCP, njia ya kawaida ya kutuma data, hungoja uthibitisho kutoka kwa mpokeaji, kwa hiyo nilitumia UDP, njia isiyongoja jibu, kwa kasi ndogo, na kila faili hutumwa mara mbili pamoja na alama yake ya SHA-256 (namba inayokokotolewa kutokana na yaliyomo kwenye faili, ili kujua kama imeharibika), ambayo mpokeaji huikagua.