Siku moja na daftari mwaloni Kibirizi

Saa 11 alfajiri. Kabla mitumbwi haijagusa mchanga wa Kibirizi, mwalo wa wavuvi hapa Kigoma ninaponunua na kuanika dagaa, mstari wa kwanza wa siku katika daftari langu huwa tayari: tarehe, hali ya mwezi, upepo. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti kitu. Ukurasa usiotaja mwezi hauna wa kulinganishwa nao. Utalalamika kwamba wiki mbili nyuma ndoo ya dagaa ilikuwa bei rahisi, kumbe unapima usiku wa giza kwa usiku wa mwanga.

Naandika kwa penseli. Karatasi ikishapata unyevu au mafuta ya samaki, kalamu ya wino hugoma, lakini penseli hupita. Daftari ni dogo, la mfukoni, nalo hukaa ndani ya kipande cha turubai.

Saa 12 na nusu, mnada. Hapa ndipo wengi wanaoanza kuandika hukatia tamaa, kwa sababu mikono ina kazi na watu wanapiga kelele. Dawa ni kuandika kidogo: bei ya ndoo na herufi mbili za jina la chombo, basi. "Mama, andika na yangu!" Wavuvi wenyewe hudai, maana mgawo ukileta ubishi, daftari ndilo litakaloulizwa. Hiyo ni sababu kubwa ya kutoruka siku: wengine wakishalitegemea daftari lako, si lako peke yako tena.

Saa 3, chanjani, kwenye vichanja vya kuanikia dagaa. Uzito wa dagaa mbichi huandikwa baada ya kutoa uzito wa ndoo, na baada ya kuwaacha wachuje maji. Kwa jua zuri, kilo tatu na nusu hadi nne mbichi hutoa kilo moja kavu. Nimeipenda hesabu hii kuliko zote kwa sababu inasema ukweli hata pale macho yanapodanganywa. Ikifika tano kwa moja, ama ulipima maji, ama ulianika matabaka mazito, wa chini wakaoza na kuchambuliwa. Ikishuka hadi tatu kwa moja usifurahi: hawajakauka, na ndani ya gunia watavunda na kuota ukungu kabla ya kufika sokoni. Bila namba ya asubuhi, ile ya jioni haina maana yoyote.

Saa 7 mchana jua likiwa kali, kazi ni kugeuza tu. Jirani hapo Ujiji ndipo mwandishi wa habari Stanley alipomkuta mpelelezi Livingstone mwaka 1871. Mwaka huohuo, akiwa Nyangwe, Kongo, Livingstone aliishiwa karatasi, akaandika juu ya gazeti kuukuu kwa wino wa mmea. Humo aliandika mauaji ya sokoni Nyangwe ya tarehe 15 Julai. Wino ulififia hadi wataalamu wakausoma kwa picha za mwanga maalumu miaka ya karibuni, na ikaonekana kwamba nakala safi aliyoiandika baadaye inatofautiana na ile ya mwanzo. Kwa hiyo daftari la mwaloni silitupi hata nikishalinakili usiku, hata likinuka samaki.

Saa 10 jioni, dagaa wanakusanywa, wanapimwa, wanaandikwa.

Saa 2 usiku, daftari kubwa la kaunta buku. Kunakili kunachukua muda mfupi. Kisha nafungua ukurasa wa mwezi uliopita wenye hali ileile ya mwezi na kuusoma. Hiki ndicho kinachomrudisha mtu kwenye kalamu kesho yake. Anayeandika bila kusoma huona mzigo, akaacha. Anayesoma kila usiku hupata jibu la swali la asubuhi: ninunue ndoo ngapi, nisubiri bei au niuze.

Ziwa likifungwa kwa uvuvi, kama lilivyofungwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024, daftari halifungwi. Bei ya gunia kavu huandikwa, pamoja na nyavu zilizoshonwa, mbao za chanja zilizobadilishwa na madeni yaliyolipwa. Siku isiyo na chochote huandikwa tarehe na upepo, ili ziwa likifunguliwa mkono uwe bado unajua njia.