Daftari la presha na nyumba ya marehemu baba

Siku niliyogunduliwa presha sikuwa nimekwenda kujitibu. Nilimpeleka mama kliniki, na muuguzi alipomaliza naye akanitazama usoni: "Na wewe mamangu, hebu kaa nikupime." Ikatoka 168 kwa 102. Akaniambia nikae kimya dakika tano, mgongo uegemee, miguu ikanyage chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, nisizungumze. Hilo la mwisho ndilo lililonishinda, maana simu ilikuwa inaita mkobani. Nilimjua mpigaji bila kuangalia. Mara ya pili 164 kwa 100.

Mpigaji alikuwa mdogo wangu, na maneno yalikuwa yale yale ya nyumba. Baba alituachia nyumba ya Kiswahili Majengo, vyumba sita na ukumbi katikati. Nyumba yetu, ardhi ya mtu. Kodi ya ardhi tunalipa, na aliyekulia Mombasa hahitaji kuelezwa zaidi. Warithi ni mama na thumuni yake, kisha sisi watoto watano, wa kiume fungu mara mbili ya wa kike. Hesabu hiyo hata mtoto wa madrasa ataipiga. Tuligombana juu ya nani alimuuguza baba, nani alipaka chokaa, nani anakusanya pesa za wapangaji na hasemi. Mimi ndiye kifungua mimba, basi kila mmoja alinipigia mimi, saa tano usiku, saa sita. Nikiweka simu chini usingizi ushakimbia, naingia jikoni nakula wali wa mchana na achari, nimesimama.

Nilimuuliza daktari kama ugomvi ndio ulioniletea. Hakukubali moja kwa moja. Alisema mtu akighadhibika mwili humwaga adrenalini, moyo hupiga mbio, mishipa hujikaza, presha hupanda, kisha hushuka. Kupanda kwa saa moja si ugonjwa. Lakini mawazo yakikaa miezi, humpokonya mtu usingizi, humlisha ovyo, humkalisha kitako, na hayo ndiyo yanayojenga presha. Kisha akaniuliza habari za mimba zangu. Nikashangaa. Mimba ya pili nilipanda presha mpaka nikazalishwa kabla ya wakati, na mimi nilidhani mambo hayo yaliishia hospitali. Kumbe mwanamke aliyepata presha mimbani hubaki na hatari kubwa zaidi miaka mingi baadaye. Akasema wanaume hutangulia kupata presha wakiwa bado vijana, ila hedhi ikikatika wanawake huwafikia, na uzeeni huwapita. Mimi nina miaka 51.

Nikapewa amlodipini. Vifundo vya miguu vikavimba, viatu vikanikataa, nikaiacha dawa wiki mbili bila kumwambia mtu. Ujinga mtupu. Niliporudi nikabadilishiwa, kwa dakika kumi tu za mazungumzo. Ramadhani nayo nilimuuliza mapema, akanipangia kidonge saa ya futari.

Kilichonisaidia kuliko nilivyotarajia ni daftari. Nilinunua mashine ya kufunga juu ya kiwiko, nikawa napima asubuhi kabla ya chai na dawa, na jioni kabla ya kula. Pembeni ya namba nikaandika nani kapiga simu. Wiki ya tatu nikalifungua na kulisoma kama hesabu ya duka. Jumapili, siku ya kikao cha familia, namba ya juu: 158, 161. Siku nilizolala mapema: 138, 135. Sikuhitaji mganga.

Nikawaambia wote kwamba baada ya isha simu yangu inalala chumbani kwa binti yangu. Mwenye neno la mirathi alipeleke kwa Kadhi, mimi si karani. Wakanuna mwezi mzima. Alfajiri nikaanza kutembea dakika 30, Tudor mpaka Buxton na kurudi. Chumvi ndiyo iliyonitesa. Mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na humo imo ya mkate, ya vidonge vya mchuzi, ya achari. Ng'onda, yule samaki wa kukaushwa kwa chumvi, nililoweka usiku kucha, likabaki ng'onda, nikaliacha. Ndimu na ukwaju vimenivusha, ila mbaazi za nazi zisizo na chumvi sijazizoea na sitadanganya.

Mdogo wangu alinicheka. Yeye ni dereva wa lori, miaka 44, anatafuna muguka usiku ili asisinzie. "Dada, presha ni ya wanawake wenye mawazo. Mimi sina mawazo." Jumapili moja nikamfunga mashine kwa nguvu ya udada. 172 kwa 108. "Mashine yako mbovu hii." Nikajifunga mwenyewe mbele yake: 134 kwa 84. Akakaa kimya, nikampima tena, haikuwa na tofauti kubwa. Ndipo akasema, akiangalia mlango, kwamba hajapata mzigo bandarini wiki tano na karo ya watoto anaikopa. Kelele zote zile za kutaka nyumba iuzwe haraka, kumbe ni karo. Kesho yake tulikwenda kliniki pamoja. Sasa ana dawa mbili, na muguka anasema ameacha. Mkewe anasema amepunguza.

Nyumba haijauzwa, faili bado liko kwa Kadhi. Vikao vinaendelea, ila kwa amri yangu tunapimana kwanza, na atakayevuka 160 hazungumzi siku hiyo. Jumapili iliyopita aliyenyamazishwa nilikuwa mimi.