Nilivyoacha kununa nikisikia ruzuku

Zamani nilikuwa mtu wa soko huria tupu. Nikisikia neno ruzuku, nanuna. Kisha nikaachishwa kazi, na miezi minne bila mshahara ikanifanya nipige hesabu upya.

Kilichonivutia zaidi ni Denmark. Huko mwajiri humwachisha mtu kazi bila vikwazo vingi, lakini aliyejiunga na mfuko wa bima ya ukosefu wa ajira hulipwa, na kuna mafunzo ya kumrudisha kazini. Kampuni inabaki nyepesi, mfanyakazi haangamii. Tena hakuna sheria ya kima cha chini cha mshahara. Vyama vya wafanyakazi na waajiri hupatana wenyewe. (Rafiki yangu mjamaa hakuamini nilipomwambia.) Kodi ni kubwa, na hilo halinifurahishi hata kidogo.

Wala bima za wafanyakazi hazikuanzishwa na wajamaa. Ni Bismarck, kansela (mkuu wa serikali) mhafidhina, aliyeanzisha bima ya afya ya wafanyakazi Ujerumani mwaka 1883, akitaka kuwapokonya wajamaa wafuasi.

Ninachokipinga bado ni serikali kupanga bei. Pango likidhibitiwa mno, nani atajenga nyumba za kupangisha? Afadhali mpangaji apewe fedha mkononi, akachague mwenyewe.