Baharini Raskazone, kisha njia ya Pangani

Kigumu kuliko vyote kwenye triathloni, yaani kuogelea, baiskeli na mbio kwa mfululizo, ni kushuka kwenye baiskeli. Miguu imeshazoea kuzunguka, sasa unaiambia ikimbie. Mapaja yanakuwa mazito, hatua zinakuwa fupi, na hapo ndipo wengi hunipita. Kwa hiyo Jumamosi sikubali kufanya zoezi moja tu.

Naingia baharini Raskazone, hapa Tanga, maji yakiwa yamejaa, maana siku za bamvua yakipwa utatembea weee. Kusi ikivuma nageuza uso upande usiopigwa na wimbi ndipo nivute pumzi, na kila baada ya mikono michache nainua macho kuutafuta mnazi niliouchagua ufukweni. Nikitoka, baiskeli, njia ya Pangani. Nikirudi, viatu tu na kukimbia, hata maji nakunywa njiani.

Masafa ya Olimpiki ni kuogelea kilomita 1.5, baiskeli 40, mbio 10. Siku ya mashindano kuna sheria moja naipenda sana: helmeti ifungwe kidevuni kabla hujaitoa baiskeli mahali pake. Vidole vimelowa, vinatetemeka, moyo unakwenda mbio, na kifungo lazima kilie “ta!” Nalizoezea hilo nyumbani, barazani, na wanangu wananihesabia sekunde.