Swapu Niliyoizima

Jumanne usiku

Leo nimerudi Kariobangi, kwa yule mama wa duka la jumla. Seva yake imeninyima usingizi. Ikifika saa nne asubuhi, makarani wakianza kutoa risiti, skrini zinaganda: unabonyeza herufi, inatokea baada ya sekunde tano, na watu wa mkokoteni wamejipanga hadi barabarani.

Kosa ni langu, na limeniuma. Wiki mbili zilizopita nilikuta GB 1.3 zimelala kwenye swapu, sehemu ya diski ambako mashine huhamishia data ya kumbukumbu isiyotumika, nikadhani hapo ndipo diski inapoumia, nikaizima. Hali ikazidi kuwa mbaya.

Leo sikugusa kitu kabla ya kupima. Hesabu za /proc/vmstat, faili ya Linux yenye takwimu za kumbukumbu, hulimbikizwa tangu mashine iwashwe, kwa hivyo namba moja peke yake haisemi lolote. Unasoma, unangoja sekunde kumi, unasoma tena, unatoa ya kwanza kwenye ya pili. (Hata ile amri ya vmstat, mstari wake wa kwanza ni wastani wa tangu kuwashwa. Uruke.) pgfault, hesabu ya hitilafu za ukurasa (programu inapogusa kipande cha kumbukumbu, yaani ukurasa, ambacho hakijawa tayari kwake), ilipanda kwa maelfu, na hiyo haikunitisha: hitilafu nyingi za ukurasa ni ndogo, kerneli, kiini cha mfumo wa mashine, huzimaliza ndani ya kumbukumbu bila kufika kwenye diski. Nilitaka pgmajfault, zile kubwa ambazo lazima diski isomwe. Zilikuwa 90 kwa sekunde.

Nikapiga hesabu nyuma ya risiti. Diski ile ni ya kuzunguka, na kusoma mahali pamoja huchukua kama milisekunde 10. Mara 90, ni milisekunde 900. Kuandika mauzo kumeachiwa sehemu moja ya kumi ya kila sekunde.

Na pswpin, hesabu ya kurasa zinazorudi kutoka swapu, haikusogea hata moja, maana swapu nilikuwa nimeizima. Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Kerneli ikibanwa hutafuta cha kuondoa. Data ya programu isiyotoka kwenye faili haina pa kwenda ila swapu. Nilipoziba njia hiyo, ikabaki kutupa kurasa zilizosomwa kutoka kwenye faili, hata zile za programu yenyewe ya mauzo, kisha kuzisoma tena papo hapo. Peter Denning aliieleza hali hii mwaka 1968, mashine kushinda ikihamisha kurasa na kazi isiende.

Mama alitaka kujua shida ni nini.

"Mama, ni kama nilifunga stoo ya nyuma. Vyombo visivyouzika vikajaa dukani, vijana wakawa wanarudisha unga godauni ili wapate nafasi. Mteja akiuliza unga, wanaufuata tena."

"Basi fungua stoo, kijana wangu."

Nikaiwasha. Mwanzoni safu ya so kwenye amri ya vmstat (kinachokwenda swapu) ilipanda, kurasa zilizolala zikitoka, kisha si (kinachorudi) na so zikatulia kwenye sifuri, zikichomoza mara mojamoja. pgmajfault zikashuka hadi 3. Jioni swapu ilikuwa na GB 1.2, karibu kiasi kilekile kilichonitia hofu, na makarani wanatoa risiti bila kungoja. Vilivyolala havimsumbui mtu. Kinachoua mashine ni kuingia na kutoka.

Kumbukumbu bado ni GB 4, na Desemba inakuja. Nimeacha skripti inayoandika pswpin, pswpout (kurasa zinazokwenda swapu) na pgmajfault kila dakika. Kesho saa nne nitakuwa pale kaunta, karibu na karani wa kwanza.