Mfuko wa Kulia

"Siye," alisema mama yule. Alikuwa bado mlangoni, mkoba begani, hata hajaingia vizuri.

Wiki 5 nilikuwa nimeshinda na uso wa marehemu mumewe. Nilichopewa ni picha moja ya paspoti, nyeusi na nyeupe, imepauka pembeni. Niliipigia miraba, nikapiga miraba mikubwa zaidi juu ya turubai, nikauhamisha uso mraba kwa mraba. Tabaka la kwanza lilikuwa la kahawia ya udongo niliyoizimua kwa tapentaini, maana hiyo hukauka upesi. Yaliyofuata yalikuwa na mafuta mengi zaidi, na kila moja lilinisubirisha. Rangi ya mafuta haikauki kama nguo juani. Haitoi maji, inavuta hewa, na hewa haina haraka. Ukilazimisha, ya juu ikatangulia kukauka kuliko ya chini, itapasuka.

"Siye vipi, mama? Pua? Macho?"

"Macho yake. Pua yake. Lakini siye, mwanangu."

Ukijiajiri, neno kama hilo huna wa kumpelekea. Arbuni yake nilishaila: nusu ilikwenda kwenye turubai na rangi, nusu kwa mwenye nyumba. Usiku ule nilijifariji kwa habari za Graham Sutherland, aliyemchora Winston Churchill, waziri mkuu wa Uingereza, mwaka 1954. Mzee aliichukia picha ile, na baadaye ikateketezwa kwa ridhaa ya mkewe. Faraja yenyewe haikufika asubuhi. Sutherland alikuwa na jina. Mimi nilikuwa na kazi hiyo moja tu.

Nikauandama mdomo. Mteja akikataa sura, mara nyingi kosa liko mdomoni; unywele mmoja wa brashi ukipanda kwenye pembe ya midomo, mtu mpole anakuwa mwenye kejeli. Nikaukwangua kwa kisu cha rangi, nikaupaka upya, nikaukwangua tena. Mara ya nne nikaulinganisha na picha kwa kioo cha kukuzia. Ulikuwa uleule kabisa. Ndicho kilichoniudhi zaidi: sikuona kosa.

Mama akarudi baada ya siku 9. Nilimkaribisha kiti, yeye akapita moja kwa moja hadi nyuma ya stendi, labda asipate shida ya kunidanganya usoni. Ukutani, mkabala na uso wa turubai, nina kioo kikubwa. Ni mbinu ya zamani, hata Leonardo da Vinci aliwausia wachoraji: jicho huzoea makosa ya mkono wake, lakini ukiitazama kazi kiooni, imegeuka, unaiona kama ya mtu mwingine. Mimi mwenyewe nilikuwa nimetazama humo mara nyingi, nikitafuta macho yaliyopishana.

Akanyamaza. Kisha akasema, taratibu, "Huyo ndiye."

Nikadhani ananihurumia. Nilipogeuka nikaona hatazami turubai. Anatazama kioo.

Nikaichukua ile picha ya paspoti. Shati la mumewe lilikuwa na mfuko mmoja, nami nilikuwa nimeuchora mshono kwa mshono kwa uangalifu wa kijinga, bila kujiuliza ni shati gani la kiume lenye mfuko mmoja, tena upande wa kulia. Vifungo navyo vilikuwa vimegeuka. Aliyeisafisha picha ile aliiweka negativu, ile filamu inayotolewa picha, upande usio wake, na tangu hapo mtu yule akawa anaishi ndani ya fremu akiwa kinyume. Pembe ya mdomo iliyopanda ilikuwa ya upande mwingine. Nyusi pia.

"Hii picha sijawahi kuipenda," mama akasema. "Nilidhani ni mpiga picha hajui kazi."

Miaka 31 waliishi pamoja. Mimi nilikuwa na miraba.

Nilianza upya, kwa gharama zangu. Ningeweza kumwambia kwamba kosa ni la picha aliyoileta, na ningekuwa na haki. Sikuthubutu. Na kusema kweli, nilikuwa na aibu ya ule mfuko. Safari hii nilimwomba aje akae nami kila tabaka lilipokauka, awe ananisimulia: alivyocheka, sikio lipi alilielekeza kwa mtu akimsikiliza. Ilichukua wiki 7. Alipoichukua nilimwambia airudishe baada ya miezi 6 niipake vanishi. Aliirudisha, na fremu mpya.

Lile la kwanza sikulitupa; turubai ni pesa. Nililisugua kwa msasa, nikalifunika kwa nyeupe ya mafuta, na baadaye nikachora juu yake mti mmoja mrefu. Bado halijapata mnunuzi. Asubuhi, mwanga ukiingia kwa ubavu, chini ya tawi la kwanza unaona kimstari kilichoinuka, kimenyooka mno kuwa cha mti, na ncha zake mbili za mshono.