Doa Jeusi Kitakoni

Ni siku ya tano sasa tangu shangazi asimame kando ya tuta langu la nyanya, na neno lake bado limenikwama kooni kama mwiba wa samaki. Aliinama taratibu, akaligeuza tunda moja kwa kidole bila kulichuma, akaliona lile doa jeusi lililobonyea kitakoni, kavu kama kipande cha ngozi, kisha akasema, “Mwanangu, nyanya hizi zimelala na kiu, halafu zikanyweshwa kwa pupa.” Nami nikamjibu kwa sauti ya mtu aliyesoma, “Hapana, shangazi, huu ni ugonjwa tu wa msimu.” Akaniangalia kidogo. “Haya. Ugonjwa,” akasema, akaliachia tunda likabaki linaning'inia.

Hilo “haya” ndilo linaloninyima usingizi. Angebisha, ningebishana naye. Lakini alinikubalia namna mtu mzima anavyomkubalia mtoto anayeapa kwamba ameshanawa mikono. Wiki hii nimehamishiwa kazini kwenye idara niliyokuwa nikiiogopa, na mdogo wangu amejifungua salama, ila katikati ya yote hayo nilikuwa nikitunga majibu ambayo ningempa shangazi, yote mazuri, na yote yamechelewa.

Linaloniuma zaidi ni kwamba nilijua anasema kweli hata kabla hajamaliza kusema. Kuoza kitako hakuletwi na kuvu wala bakteria. Ni tunda kukosa kalsiamu wakati linapokua, na mara nyingi kalsiamu hiyo imo udongoni ya kutosha, lakini husafiri ndani ya mche pamoja na maji, na maji yakikatika, kidogo kinachopanda huvutwa na majani, kitako cha tunda kikabaki mikono mitupu. Nilipokuwa mbali kwenye semina, tuta lilikaa siku nne bila tone; niliporudi nikalimwagilia hadi likawa dimbwi, nikaenda kulala nikijiona mkulima. Na samadi ya kuku niliyoiongeza kwa kukosa subira ilizidisha majani, yale yale niliyojisifia mwezi uliopita.

Alhamisi alfajiri nilitoka na beseni nikakata matunda yote yenye madoa, 17 kwa hesabu, kwa kuwa kitako kilichooza hakiponi na mche huendelea kulilisha tunda hilo bure. Nilikuwa nimepiga magoti, nikitandaza nyasi kavu kuzunguka mashina ili udongo usikauke upesi, nilipofika kwenye mche wa mwisho, ule mnyonge niliotaka kuutupa tangu kitaluni. Nikainua majani yake. Vishada viwili, na hakuna doa hata moja! Tunda la chini lilikuwa limeanza kupata wekundu hafifu kitakoni huku mabega yake yakiwa bado ya kijani. Nikakaa kitako pale pale kwenye tope nikacheka peke yangu, kwa sababu mche huo umesimama chini ya bomba linalovuja, lile ambalo nimemsumbua baba watoto miezi yote hii alitengeneze. Tone baada ya tone, usiku na mchana, bomba bovu limelea nyanya kunishinda.

Nililichuma na kikonyo chake, maana likishaanza kubadilika rangi humalizia kuiva lenyewe ndani ya nyumba. Vidole vyangu vilibaki na ule utomvu wa kijani wenye harufu kali, ambao ukinawa huyageuza mapovu kuwa ya manjano. Sasa limo kwenye bakuli juu ya kabati, na kila asubuhi naligeuza kwa kidole kimoja kukitazama kitako chake, kama alivyofanya shangazi. Likiiva nitampelekea, na akiniuliza nimelifanyaje, nitamwambia habari ya bomba.

Jana jioni baba alinipigia simu kuuliza kama mtoto wa mdogo wangu ni wa kike au wa kiume, nikamjibu, tukafurahi pamoja. Baada ya nusu saa akapiga tena, akauliza swali lile lile, kwa furaha ile ile.